Babu yetu wa Fizi, mkulima aliyekataa kuchimba shimo

Mwezi huu zamu ya historia imetuangukia sisi. Anayeshika simu na kuandika ni mmoja tu, yule wa kujitolea upande wa usafi, lakini tunaandika "sisi" kwa sababu maneno haya tuliyasikia wajukuu wanne kwenye mkeka mmoja, na kila mmoja amesoma na kusahihisha pake. Jina la babu hatuliandiki. Sababu mtaiona huko mbele.

Sisi tulimjua kama mkulima, basi. Nyuma ya nyumba yetu ya matofali mabichi kuna kipande cha ardhi ambacho mtu mwenye haraka anakivuka kwa hatua 12. Mle babu alipanda mihogo, lengalenga, mistari miwili ya maharage, na maboga ambayo aliyaachia yapande mpaka juu ya paa la jikoni. Jembe lake lilikuwa moja tangu tunazaliwa, mpini ndio uliobadilishwa kila mara. Majirani walikuwa wanamletea vijiti vya mihogo awachagulie. Anakata ncha kwa panga, anangoja utomvu utoke, halafu anasema hiki kitaota, hiki tupa. Hakukosea mara nyingi.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo lilitutesa, hasa huyu wa usafi. Babu hakuchimba shimo. Matuta ya kufika magotini aliinua mwenyewe, na umri ule! Ila shimo la taka, lile tunalozunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wachimbe, alikataa katakata. Tuliandika nyumba yetu wenyewe kwenye daftari, mara mbili, kama nyumba ambayo haijatimiza. Wenzetu wa kazi walicheka mpaka machozi. Tulipombembeleza alisema: "Shimo ni ya maiti. Muko na maiti?" Mwishowe tulichimba sisi, siku aliyokwenda kanisani, na aliporudi alilipita kama halipo. Tulidhani ni uzee.

Mwaka 2017 familia iliitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Waliopita pale wanajua. Unaulizwa tarehe ya kuzaliwa ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiandika, jina la chifu wa zamani, mlikimbia kwa njia gani, mlipanda mtumbwi wa nani. Halafu linakuja lile swali: umewahi kuwa askari? Umewahi kubeba silaha? Babu alijibu kwa mdomo wake, hakungoja mkalimani: "Mimi ni mulimaji." Wakamuuliza tena kwa namna nyingine. Akajibu vilevile. Shangazi, aliyekaa kiti cha pembeni, anasema babu alikuwa ameiweka mikono juu ya magoti, viganja juu, kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu. Faili likaenda. Mpaka leo liko "kwenye hatua", na nyote mnaijua hiyo hatua.

Mwaka uliofuata akaugua kifua, wiki tatu kitandani. Alipopata nafuu, jioni moja alituita tukae, akasema lile jibu la mahojiano lilikuwa la kweli, ila lilikuwa nusu. Ndipo tukaanza kusikia hiyo nusu nyingine. Hakuisimulia kwa mpangilio, alikuwa anaruka. Sisi ndio tumeipanga kwa miaka, kwa kuuliza wazee wengine na kusoma tulichokipata.

Tuanze na shamba, kwa sababu yeye alianza na shamba. Mbelgiji alitoa sheria ya kilimo cha lazima mwaka 1917. Kila mwanaume kijijini alitakiwa kulima zao alilopangiwa, siku hadi 60 kwa mwaka, na anayekataa anafungwa au anachapwa. Kwetu upande wa ziwa zao hilo lilikuwa pamba. Baba yake babu alilima pamba ambayo hailiwi, akaiuza kwa bei ambayo hakuipanga, na mgongoni alikuwa na alama za fimbo ya ngozi ya kiboko. Babu alizaliwa hapo katikati ya miaka ya 1940. Alisema kitu cha kwanza alichokijua juu ya serikali ni kwamba serikali ni mtu anayekuja kupima shamba lako.

Tarehe 30 Juni 1960 ikaja, uhuru. Miezi saba haijaisha Lumumba akauawa, 17 Januari 1961. Watu wa Fizi walikuwa wamengojea, na walichokiona ni kwamba aliyekuja kupima shamba sasa ni mweusi, ila karatasi ni zilezile. Haya ni maneno ya babu, sisi tumeyanyoosha kidogo tu.

Mwaka 1964 vita vikaanza. Kule Kwilu, magharibi, alianza Pierre Mulele mwezi Januari, na hata huku mashariki, ambako Mulele hakufika, wazee wetu hadi leo hawasemi "vita vya 1964", wanasema "wakati wa Mulele". Upande wetu kiongozi alikuwa Gaston Soumialot, na miongoni mwa vijana wake alikuwepo Laurent-Désiré Kabila. Mwezi Mei Uvira ikachukuliwa. Juni ikawa zamu ya Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Agosti wapiganaji wakaingia Stanleyville, yaani Kisangani. Waliitwa Simba. Kwa miezi michache karibu nusu ya nchi ilikuwa mikononi mwao.

Babu aliingia akiwa na miaka 19 au 20. Tulimuuliza kwa nini. Tulitegemea aseme Lumumba, au uhuru wa kweli, kama tulivyosoma shuleni. Akasema: "Tulikuwaka batoto. Vita ilitukuta mu shamba. Kaka yangu alienda, na mimi nikaenda." Basi. Tulipomsukuma zaidi akaongeza kwamba siku hiyo walikuwa wanapalilia, na kwamba palizi haikumalizika. Hilo la palizi alilirudia mara nyingi kuliko habari za bunduki.

Walipakwa dawa. Hili wengi wenu mmelisikia: maji ya mganga, na masasi yanageuka maji. Kilichotushangaza ni masharti yake. Usiguse kitu cha mtu. Usiguse mwanamke. Usiogope. Babu alisema ukiyashika hayo matatu, hata bila dawa wewe ni askari mzuri. Ila hayakushikwa. Na aliyekufa, ilisemwa amevunja sharti, kwa hiyo dawa haikukosea hata siku moja. Alicheka alipotueleza hivyo, kicheko kifupi, halafu akakohoa sana.

Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji, kwa ndege za Marekani, waliruka Stanleyville, na jeshi la serikali likaja na mamluki wa kizungu ambao Tshombe aliwaajiri. Simba wakaanza kusukumwa. Mahali walipobaki na nguvu ni kwetu, milima ya Fizi, ambako mgongoni kuna msitu na mbele kuna ziwa, na ng'ambo ya ziwa kuna Kigoma. Yaani hapa hapa Tanzania, ambako silaha zilipitia.

Na kwa njia hiyo hiyo, usiku wa kuamkia 24 Aprili 1965, walivuka Wakuba wa kwanza, wakashukia Kibamba. Wengi wao walikuwa weusi, na baadaye walifika zaidi ya 100. Walipewa majina kwa kuhesabu Kiswahili: Moja, Mbili, Tatu, kuendelea. Moja alionekana ndiye mkubwa. Tatu alikuwa mzungu aliyeletwa kama daktari na mkalimani, na kweli alitibu watu kule mlimani. Huyo Tatu ndiye Che Guevara. Babu alimwona mara mbili kwa mbali, na hakumjua ni nani. Jina la Che alikuja kulisikia hapa kambini, alipomuuliza mjukuu wake yule mtu mwenye ndevu kwenye fulana ni nani.

Sasa hapa ndipo palituuma. Mwaka 2019 mwenzetu mmoja wa kikundi alipata kwenye simu kitabu ambacho Che aliandika juu ya miezi yake Kongo, kikatoka miaka mingi baada ya kufa kwake. Kilikuwa kwa Kifaransa. Mwalimu mmoja alitusaidia, jioni kwa jioni, kurasa kadhaa kila mara, hadi betri iishe. Na tulichokisikia kilitutia aibu. Kwamba wapiganaji wa Kongo walikuwa hawapendi kazi. Kwamba wakiambiwa kubeba mizigo walisema wao si magari. Kwamba kwenye vita walifyatua risasi macho wamefumba, mpaka zinaisha. Kwamba chakula walikula cha wanakijiji. Na kwamba walikataa kuchimba mahandaki, kwa sababu ya imani kwamba shimo ardhini ni mahali pa mfu.

Hapo kwenye mashimo tulitazamana. Miaka yote ile ya shimo la taka!

Tulibishana wiki nzima kama tumwambie babu au tuache. Mmoja wetu alisema mzee aachwe. Mwingine akasema ana haki ya kujibu, maana aliyeandika aliandika peke yake na hakuna mwanakijiji wa Fizi aliyeandika kitabu cha kumjibu. Tukamwambia. Tulimweleza polepole, jambo kwa jambo, kama kwenye mahojiano, Mungu atusamehe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kwanza akasema ni kweli. Walifumba macho, kwa sababu hakuna aliyewafundisha. Mtu alipewa bunduki leo na vita ni kesho. Kweli walikimbia, yeye mwenyewe alikimbia, zaidi ya mara moja. Mizigo walichoka nayo, maana kutoka ziwani hadi kambi ya juu ni kupanda mlima mkali saa nyingi, na wakubwa waliosema "beba" walikuwa Kigoma wanakunywa bia. Na hili Che mwenyewe ameliandika, kwamba viongozi walikaa ng'ambo na Kigoma ikawa mahali pao pa starehe. Kabila alifika kwa wapiganaji wake Julai 1965, akakaa siku chache, akarudi. Aliyekuwa anakaa nao kweli, Léonard Mitoudidi, alizama ziwani mwezi Juni. Babu alikumbuka kifo hicho. Alisema wavuvi walisema upepo ule, mtu wa ziwa asingetoka.

Halafu akafika kwenye shimo. Alisema kwao mtu hachimbi shimo la urefu wa mtu bila msiba. Ukichimba unamwita. Mgeni anakuambia ingia humo ndani ukae ungoje ndege. Alisema alikataa mara ya kwanza, na mara ya pili alichimba, kwa amri, pale karibu na Baraka. Hakuendelea. Tuliuliza nini kilitokea, akasema tutafika huko.

Lakini neno ambalo sisi tunaona ndilo jibu lake hasa lilihusu chakula. Alisema: "Ule mugeni anasema tulikula chakula ya batu ba kijiji. Batu ba kijiji ni nani? Ni mama yangu." Wapiganaji wa mlimani walikuwa watoto wa mashamba yale ya chini. Usiku walishuka, wakalima, alfajiri wakapanda. Mganda wa mihogo uliofika kambini ulikuwa na jembe la mtu fulani nyuma yake, na mara nyingi ni la mama, dada au mke wa yule yule aliyeitwa mvivu. Che alikuwa mtu mkweli, tunavyomwona sisi, kajilaumu na yeye mwenyewe vilevile na hakuficha kwamba safari yake ilishindwa. Ila alikaa kambini, na shamba hakuliona. Alihesabu nani anachimba handaki, hakuhesabu nani analima.

Tungependa kuishia hapo, na babu yetu akiwa ameshinda. Ila kuna jambo la ng'ombe.

Babu alitaja mara nyingi kwamba kuna miezi walikula nyama. Siku moja mdogo wetu wa kike, ambaye haogopi, akamuuliza: ng'ombe walikuwa wa nani? Sisi Wabembe wa ziwani hatukuwa wafugaji wa ng'ombe wengi. Babu akanyamaza muda mrefu. Wenye ng'ombe kule juu kwenye nyanda za Itombwe walikuwa Banyamulenge. Simba waliposukumwa na jeshi walipanda huko, wakachukua ng'ombe wao. Ndipo vijana wengi wa Banyamulenge wakachukua silaha za serikali kulinda mifugo yao, na ule uadui uliozaliwa hapo haujafa. Wengi wenu mnaosoma hapa mmekimbia matunda yake, kutoka upande huu au upande ule. Na hapo hapo tusisahau kwamba katika mapigano ya Bendera, mwisho wa Juni 1965, waliotangulia pamoja na Wakuba walikuwa wakimbizi wa Kitutsi kutoka Rwanda. Mambo hayakuwa rahisi kama yanavyopigiwa kelele siku hizi.

Babu alijibu hivi: "Tuliiba." Akainuka akaenda kulala, jua bado lipo. Tunaandika neno hilo kwa sababu alilisema, na alijua tunasikia.

Mwisho wa Septemba 1965 mamluki wa Mike Hoare walikuja kwa mashua wakashukia karibu na Baraka, na ndege zikipiga kutoka juu. Marubani wengi wa ndege hizo nao walikuwa Wakuba, wale waliomkimbia Castro na kuajiriwa na Wamarekani. Kwa hiyo Wakuba walipigana na Wakuba juu ya vichwa vya Wabembe, kwenye mihogo ya Wabembe. Mapigano ya Baraka yalichukua siku kadhaa. Hata adui alisema baadaye kwamba hapo Simba walipigana kweli, na hilo tulipomwambia babu hakuonyesha kufurahi.

Kaka yake alikuwa ndani ya lile shimo. Babu ndiye aliyelichimba, kwa amri, wakapangwa kukaa humo wawili. Babu alitoka kwenda kutafuta maji. Ndege ikapita. Aliporudi, udongo ulikuwa umeshuka juu, na kaka yake chini. Hakukuwa na muda wa kumtoa ili azikwe upya. Alizikwa pale alipo, kwenye shimo lililochimbwa na mdogo wake.

Tulikaa kimya kwenye mkeka. Wa usafi ndiye aliyetoka nje kwanza.

Oktoba Fizi ikaanguka. Usiku wa tarehe 21 Novemba 1965 Wakuba waliondoka Kibamba kwa mashua kurudi Kigoma, na Wakongo wengi waliotaka kupanda waliachwa ufukweni. Siku tatu baadaye, 24 Novemba, Mobutu akachukua nchi. Babu hakuwa Kibamba. Alikuwa mlimani, na habari ilimfikia baada ya siku nyingi, zote mbili kwa pamoja, kwamba wageni wameondoka na kwamba kuna rais mpya.

Vitabu vingi vinafunga hapo. Lakini kwa watu wa Fizi hapo ndipo sehemu ndefu inaanza, karibu miaka 20. Kabila alirudi, na mwaka 1967 akaanzisha chama cha PRP kule milimani, na makao yake yakaitwa Hewa Bora. Vijiji vizima viliishi humo, nje ya mkono wa Mobutu. Dunia ilisikia habari zao mara chache, kama Mei 1975, walipovuka ziwa na kuwateka watafiti wanne pale Gombe, karibu na Kigoma. Kwa babu miaka ile ilikuwa ya kilimo na bunduki pamoja. Alioa huko. Baba yetu na shangazi walizaliwa huko, bila hospitali, bila cheti.

Alitueleza jinsi walivyolima porini, na hapo sauti yake ilibadilika, akawa kama mwalimu. Mahindi ni hatari: yanaonekana kutoka juu, yanakomaa kwa siku moja, na askari akiyakuta anakula au anachoma, umekwisha. "Muhindi inaonekana na mbali. Muhogo inajificha mu udongo." Mihogo ukishaipanda unaweza kukimbia. Unarudi baada ya mwaka, hata miwili, unaichimba, ipo. Majani yake unachuma ukipita, unatwanga sombe, ambayo wenyeji wetu wanaiita kisamvu. Ile michungu ndiyo bora zaidi, kwa sababu mwenye haraka hawezi kuila. Inataka kulowekwa siku tatu, nne, na askari hana siku nne. Mashamba walikata madogo madogo, mbali mbali, kila moja likiwa na miti iliyoachwa katikati, ili moja likikutwa mengine yabaki. Chama nacho kilichukua sehemu ya mavuno. Tulimuuliza tofauti na Mbelgiji ilikuwa nini. Akasema: "Ule alichukua pamba. Hawa bakachukua muhogo." Hatukujua kama ni utani.

Katikati ya miaka ya 1980, baada ya mapigano ya Moba, alitoka porini na familia, akaiacha bunduki kwenye shina la mti, akashuka ziwani. Akalima miaka kumi na zaidi bila mtu kumuuliza. Alisema hiyo ndiyo miaka yake mizuri. Juu ya hiyo miaka hatuna hadithi yoyote, kwa sababu hakuna kilichotokea.

Halafu 1996. Oktoba Uvira ikaanguka, vita vya AFDL vikashuka kando ya ziwa, na babu akapandisha watu tisa kwenye mtumbwi usiku kuelekea Kigoma. Novemba hiyo kambi hii ya Nyarugusu ikafunguliwa, na wao ni kati ya waliokata majani ya mwanzo. Na mnajua msemaji wa AFDL alikuwa nani. Alikuwa Kabila. Mzee wetu alikimbia vita vya mkubwa wake mwenyewe, aliyempigania tangu ujana. Mei 1997 redio ikatangaza kwamba Kabila ni rais. Shangazi anakumbuka kambi ililipuka kwa shangwe, watu wakapiga masufuria. Babu alikuwa analima. Akauliza kama wametangaza siku ya kurudi nyumbani, wakamwambia bado, akaendelea. Tarehe 16 Januari 2001 Kabila alipouawa, siku hiyo hakulima. Ndiyo siku pekee ya mvua ambayo shangazi anamkumbuka amekaa tu.

Hapa kambini kulima ni jambo la kubanwa, mnalijua, nje ya mpaka hauruhusiwi kwenda bila kibali. Kwa hiyo alibaki na zile hatua 12. Sehemu ya mahindi ya mgao tuliiuza tukanunua unga wa mihogo, maana bukari ya mahindi tupu alisema ni chakula cha mgonjwa. Ile mihogo ya nyuma ya nyumba hakuruhusu ing'olewe yote. Kila mara shina tatu au nne zilibaki, na tulimlaumu kwamba zinakuwa ngumu kama kuni. Sasa tunaelewa alikuwa anangoja nini.

Alifariki Machi 2021, mvua ikinyesha. Shimo tulilichimba sisi wajukuu wanne, zamu kwa zamu, na wa usafi ndiye aliyekuwa ndani wakati wa kufikia kina. Hatukuruhusu mtu wa nje aguse sepetu.

Jina lake hatujaliandika kwa sababu faili la familia bado liko wazi, na shangazi ameitwa tena mwezi ujao. Watamuuliza baba yake alikuwa nani. Tumelisoma andiko hili lote mbele yake kabla ya kuliweka hapa. Alituambia tuondoe jina la kijiji, na sehemu moja kumhusu bibi, mengine tuache. Kuhusu yeye atakachojibu, alisema ni juu yake, tusimfundishe.

Wazee mliokuwa Baraka mwaka 1965, au watoto wao, kama mnajua mashimo yale yalikuwa upande gani, tunaomba mtuambie. Tunajua tu kwamba kulikuwa na mwembe na kwamba ziwa lilionekana.

Mihogo yake ya mwisho tuliing'oa Agosti. Vijiti viko nyuma ya nyumba, vimesimamishwa kivulini, ni vya ile michungu. Anayetaka mbegu aje na panga lake kabla mvua za kwanza hazijaanza.